Kocha Wangu Amenipa Mgongo Tangu Mwanawe Anichumbie

Shangazi Phelesia mpendwa, kuna sauti moja isiyonitoka masikioni, ya ufito ukigonga nguzo na kuanguka, nami nimelala chali nikitazama mbingu ya Awendo, na kabla sijauliza kosa langu kocha ananiambia kwa upole, "Kisigino, mama," ilhali ameketi akitazama shamba la miwa na mimi niko nyuma yake.

Mimi ni bingwa wa taifa wa kuruka juu, na aliyenifikisha hapo ni Mwalimu Zadock, aliyeshona magunia akayajaza makapi ya miwa ili nisivunjike nikianguka, na miaka yote hiyo aliniita gunia la viazi mbele ya watu, nami nikakasirika nikaruka. Kisha mwanawe Wesley akanipenda, nikampenda, wazee wao wakaja kwetu Uriri kujitambulisha, chai ikanywewa, na mwalimu akawa baba mkwe. Baba mkwe, Shangazi, hatazami mapaja ya mke wa mwanawe, kwa hivyo sasa anafika uwanjani, ananisalimu kwa adabu, anageuza kiti na kunifundisha kwa masikio. Heshima imezidi na ufito hauachi kuanguka. Timu ya taifa inachaguliwa mwezi ujao, nisipovuka nafasi yangu imekwenda, na nikimlalamikia Wesley ananiambia, "Mzee anakuheshimu, Mourine. Wengine wanatafuta mkwe kama huyo." Nifanye nini?

Mourine, Awendo

Mourine, pole, na unisamehe, nimecheka. Wasichana huniandikia kuhusu baba wakwe wanaotazama kupita kiasi. Wewe ni wa kwanza kulia kwamba wako hatazami. Umesoma, unaandika vizuri, na bado hujamwambia mwenyewe neno. Unadhani hilo pia atalisikia kwa mgongo? Nunua suruali ya michezo inayofika kwenye vifundo vya miguu, umwombe ageuke. Akikataa, tafuta kocha mwingine, Rongo hawakosekani. Wesley usimwache kwa sababu ya kiti. Kuruka kuna mwisho wake, magoti yatakuambia. Zungumza nao wote wawili wiki hii, ukiwa umevaa gauni.

Shangazi Phelesia

Shangazi, asante, ila jibu lako limenikuta nimeshapita hapo. Suruali ndefu niliivaa, mwalimu akasema mkwe ni mkwe hata ajifunike blanketi. Kocha mwingine nilimjaribu, alinisifu tu. Basi Jumamosi nilimwambia Wesley uchumba umekwisha. Aliuliza kama kuna mwanamume mwingine. Nikamjibu kwamba yupo, ni baba yake, na nikamweleza habari za kiti mpaka akaelewa, au akachoka. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Jumatatu mwalimu alifika, hakunisalimu, akageuza kiti kikanielekea. Niliruka. Ufito ulitikisika, ukabaki juu, naye akapaza sauti hadi wakata miwa wakasimama kutazama: "Kisigino, gunia wewe."