Bosi Mpya na Futi ya Shangazi

Shoga, niko dukani kwa shangazi, kwenye cherehani zake, nimejificha nyuma ya pazia nacheka mpaka machozi.

Unajua hisa zake za ile kampuni ya teknolojia? Zinashuka tangu mkurugenzi wa zamani aondoke. Sasa leo anampima mteja kiuno, akamwaga yote. "Wameleta bosi mpya, huyo hamalizi mwezi. Mimi zangu nimeuza asubuhi."

Mteja akajibu taratibu, "Bosi mwenyewe ni mimi."

Eti ni yeye, shoga! Na futi bado iko kiunoni mwake.

Shangazi akanywea. Mteja akaendelea, "Uniachie kitambaa cha ziada kwenye mishono. Kile kiti cha ukurugenzi nitakikalia mpaka ninenepe."

Mteja hajafika hata kwenye gari lake, shangazi kashika simu, ananunua hisa zake upya.