Nimemnyima mzee maji kwa ajili ya heshima

Wewe mshauri, nakukemea kabla sijakuomba msaada. Jumamosi iliyopita gazetini ulimwambia mwanamke wa mtaa wa Jericho kwamba mume anayeamka mara tano kwenda chooni huenda ana mwanamke nje. Nani alikudanganya? Mzee wangu ana miaka sitini na minane, anaamka mara sita, na huko nje hakuna mwanamke, kuna choo cha ploti, kimoja kwa wapangaji wote, na baridi. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, lakini upuuzi naujua nikiuona.

Sasa naomba msaada, na usinikatize. Tulitoka Maragoli mwezi wa pili kwa sababu ya magoti yangu, yamevimba na yananiuma hata nikikaa, mwanangu Caleb ni karani wa baraza la jiji, akasema mje Nairobi mama atazamwe, tukaja, nikatazamwa, nikapewa vidonge, nikaambiwa nipunguze mwili na nitembee kidogo kidogo, na hakuna mtu aliyemwuliza mzee kitu kwa sababu mzee hakuwa mgonjwa, alinisindikiza tu. Nyumba ya Caleb ni vyumba viwili vilivyogawanywa kwa mbao nyembamba, wao ndani, sisi mbele, na kwetu baba mkwe kulala nyumba moja na mke wa mwanawe tayari ni aibu, sasa Phelister, mke wa Caleb, akawa anasikia kila kitu, mzee amesimama juu ya ndoo, anangoja, tone, anangoja, tone, na asubuhi ndoo hiyo nani ataimwaga, mimi nikibeba kitu naanguka, Caleb ameshatoka, basi ni Phelister, binti wa watu abebe mkojo wa baba mkwe, nikasema hapana, si mbele ya macho yangu.

Nikaiondoa ndoo. Nikaamua mzee asinywe chai wala maji kuanzia saa nane mchana, na alipoendelea kuamka nikapunguza hata ya asubuhi, kikombe kimoja basi, naye akakubali, kwa sababu ana heshima kunishinda, alikuwa fundi wa reli miaka thelathini na hakuna jirani aliyepata kumwona bila shati. Mchana anaenda choo cha ploti, anasimama huko mpaka watu wanapanga foleni, na Wangeci wa chumba cha nne akamwambia kwa sauti, "Mzee, hicho ni choo, si ofisi," watoto wakacheka, tangu siku hiyo anajizuia mpaka ploti ibaki tupu. Alipolalamikia tumbo la chini nikampa vidonge vyangu vya magoti, asubuhi na jioni, maana mimi vinanisaidia.

Sasa tangu jana anatoa matone tu. Tumbo chini ya kitovu ni gumu, limetuna kama la mwanamke wa miezi mitano, miguu imevimba, na leo ameniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Phelister alileta ndoo mwenyewe akaiweka karibu na kitanda, mzee akageukia ukuta akalia, nami nikamtukana yule msichana maneno ambayo sitayaandika. Hakunirudishia hata moja. Alisema tu, "Mama, baba anakufa kwa ajili yangu, na mimi sikumwomba."

Caleb hajui. Mzee amenikataza, anasema mtoto hasikii habari za uchi wa baba yake, na ameambiwa na mzee mwenzake wa kanisa kwamba hospitali wanamkata mtu uume wote. Nikimwambia Caleb nimemvunjia mume wangu heshima. Nikinyamaza, nimefanya nini?

Asenath, Mowlem, Nairobi

*

Mama Asenath, kemeo nimelipokea. Mama wa Jericho nilimjibu vibaya, naye asome hapa: mumeo mpeleke kwa daktari.

Lakini wewe, mama, barua yako ina muhuri wa posta wa Jumatatu, mimi nimeipata Alhamisi, na gazeti utaliona Jumamosi. Mtu aliyefungwa mkojo hangojei posta. Namba ya ploti hukuandika, kwa aibu ileile, la sivyo ningekuja mwenyewe kupiga hodi. Sasa najibu bila kujua kama namjibu mke au mjane.

Nimemsomea daktari barua yako. Anasema chini ya kibofu cha mwanamume kuna tezi, na uzeeni hukua, ikaubana mrija wa mkojo. Maji hayakuikuza na kiu haiipunguzi. Mzee alitakiwa kunywa mchana na kupunguza jioni, si kukaushwa. Mkojo uliozibwa hurudi nyuma ukaharibu figo, na hapo ndipo miguu huvimba na akili ikapotea. Vidonge vyako vya magoti huzidi kuziumiza figo hizo. Hukujua, lakini kutojua kwako hakutamwambia daktari kitu, wewe mwenyewe ndiye utakayemwambia.

Hakuna atakayekata uume. Watapitisha mpira mwembamba watoe mkojo, wapime figo, na baadaye, akipata nguvu, wataamua kama tezi ipasuliwe. Kama figo zimekwisha, hayo yote hayatatosha, na sitakudanganya.

Heshima unayoilinda, mama, Phelister alikuwa nayo alipoleta ile ndoo. Wewe ndiye uliyemtukana.

Kama mzee amekwisha kwenda, simama siku ya mazishi useme aliuawa na nini, ili wazee wenzake walioketi pale wasikie, na mtu asimtie lawama mke wa Caleb.

Kama bado anapumua, weka gazeti chini sasa hivi. Mwite Caleb umwambie kwa maneno haya, "Baba yako hawezi kukojoa." Atafute gari la jirani, Phelister amshike mzee upande mmoja na Caleb upande mwingine, mzee akikataa abebwe. Chukua ile chupa ya vidonge umwonyeshe daktari, na umtajie siku ambayo mzee alikojoa vizuri mara ya mwisho. Njiani asipewe kidonge chochote. Nendeni leo, msingoje Jumatatu.