Karatasi ya Shule Mbili

Papa wangu,

Mjukuu wangu anaingia sekondari mwaka huu, na mama yake amenituma nikamtazamie shule. Jana nilifika hadi kwenye lango la ile ya kwanza, nikashindwa kuingia, nikarudi nyumbani. Nimewaambia miguu inaniuma. Wewe nitakuambia ukweli.

Unakumbuka tulivyozunguka sisi wawili, mwaka wa nne baada ya uhuru? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Shule za serikali zilizokuwa tayari kunipokea zilikuwa mbili: ile ya mjini, iliyokuwa ya watoto wa Wazungu, na ile mpya ya kwetu Mangobo. Hukujua kusoma wala kuandika, lakini ulikuwa seremala, ukazikagua kiseremala. Ulisukuma madawati kwa goti kuona kama yanacheza. Ulifungua milango na kuifunga, ukagusa bawaba moja moja, na mlinzi wa mjini akawa anatazama miguu yetu yenye vumbi.

Tuliporudi uliniambia nichukue karatasi. Ulisema, nikaandika. Mjini: madirisha ya vioo, madawati ya mbao ngumu, mlango wa darasa la mwisho umelegea. Mangobo: watoto watatu kwa benchi moja, bati linavuja, lakini mwalimu alitupatia viti tukakaa. Ukaikunja ukaitia mfukoni mwa koti.

"Tusiharakishe," ulisema. "Nitarudi kule mjini nione na choo yao."

Mimi nilitaka ya mjini. Nilikuwa nimeshika kioo cha dirisha lao kwa kiganja, kikawa baridi, na tangu hapo sikuwaza kingine.

Waasi wakaingia mjini kabla hatujachagua. Wiki zile tulijua upesi wanamtafuta nani: makarani, walimu, yeyote mwenye kalamu mfukoni. Jirani yetu, karani wa posta, walimchukua akiwa mezani anakula. Sahani ikabaki palepale siku mbili, mke wake hakuweza kuigusa. Mama alichoma madaftari yangu yote jikoni, akinifokea kwa kunong'ona. Karatasi iliyokuwa kwenye koti lako hakuijua, na sisi tulikuwa tumeisahau.

Asubuhi ile tulikuwa tunapeleka kiti kwa mteja, upande wa mto Tshopo. Gogo lilikuwa limelazwa barabarani, na vijana watano wenye majani kichwani, bunduki mbili. Mkubwa wao alikupapasa mfukoni, akaitoa ile karatasi. Alijua kusoma kidogo, alisoma kwa kidole.

"Nani aliandika hii?"

Nadhani ulikuwa unatafuta jina la mtu aliyekwisha kukimbia.

"Nauliza. Nani aliandika?"

Akanitazama mimi. Nikahisi mkojo unashuka mguuni. Nikasema, "Papa."

Uligeuka ukanitazama mara moja tu. Kisha ukamwambia, "Ni mie."

"Donc uko intellectuel, mutu wa kalamu."

"Niko fundi."

"Andika jina yako."

Akakupa kalamu ya risasi. Ukaishika kama ulivyokuwa ukiishika kazini, ukavuta mstari ulionyooka, kutoka ukingo huu wa karatasi hadi ule. Ukasita. Ukavuta wa pili chini yake. Wakaanza kucheka.

"Muzee hajui hata jina yake," mkubwa wao alisema. "Mutoto alitaka tu kumukuza baba yake."

Lakini mwenye bunduki aliyesimama nyuma yako hakucheka. Alisema, "Kama iko fundi, abaki afanye kazi."

Kiti cha mteja wakakikalia. Wewe ukaniambia, "Enda kwa mama yako. Usikimbie." Sikukimbia, Papa. Nilitembea hadi Mangobo, mgongo umekakamaa, nikingoja mlio wa bunduki.

Tulikungoja siku tatu. Nilimweleza Mama yote isipokuwa neno lile moja nililolitamka. Kila bunduki iliposikika upande wa mjini aliacha alichokuwa anakifanya, nami nilikuwa najua jambo ambalo yeye halijui.

Siku ya nne uliingia, mikono imevimba. Walikuwa wamekutengenezesha meza na vitanda. Ukanywa maji vikombe viwili, ukakaa, ukaniuliza, "Bon. Umechagua shule gani?"

"Ya hapa Mangobo."

"Kwa nini?"

"Mwalimu alitupatia viti."

Ukafurahi. Jibu langu lilikuwa uongo. Niliogopa kupita kwenye gogo lile kila asubuhi nikienda mjini.

Shule zilipofunguliwa tena nilisoma pale, nikawa mwalimu. Miaka yangu yote darasani, hata siku walipochora matusi ubaoni, sikuwahi kuuliza nani ameandika. Nilifuta, nikaendelea na somo.

Siku tulipokuzika, Mama alinivuta pembeni. "Papa yako aliniambia mambo ya kwenye barabara," alisema. "Alisema mutoto alifanya vizuri. Angesema 'ni mimi', wangemuchukua yeye."

Kumbe ulimwambia, na mimi miaka yote nilikuwa nikikupa maji ya kunawa bila kuthubutu kukutazama machoni. Sijui kama ulisema hivyo kwa sababu ndivyo ulivyoona, au kwa sababu ulikuwa baba. Ulipokuwa hai ungeweza kunijibu. Ulikuwa katika nyumba ile ile, ukikohoa kwenye chumba cha pili, nami nikaogopa kuuliza.

Kesho nitarudi kwenye lango lile. Nitaenda na mtoto mwenyewe, nimshike mkono, na akiniuliza kwa nini nasimama langoni nitamweleza. Usinionee aibu huko uliko.

Ni mimi, binti yako mkubwa.