Drili Yenye Macho

Abti,

Marehemu haulizwi hali, kwa hiyo salamu nazipita nikueleze kilichonileta. Ile drili ya betri uliyoletewa ukiwa kitandani bado iko hapa karakanani. Inafanya kazi vizuri. Taa yake nayo inawaka vizuri, na taa hiyo nimeichoka hadi kichefuchefu. Nikibonyeza inanimulika, nikiachia inaendelea kunimulika, na hakuna kitufe cha kuizima. Ungekuwepo ningekusimulia, ungecheka, ungeniambia nipunguze hasira, na mambo yangeishia hapo. Hupo. Ndiyo maana naandika, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu, hata baada ya miaka kumi na minne Garissa, bado ni cha kununulia maziwa.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza? Nilikuja kutoka Mwingi na begi moja, simjui mtu. Niliwasikia wote wakikuita Abti, nikadhani ndilo jina lako. Siku ya tatu ukaniita mimi Abti. Nikasema moyoni, huyu mzee amechanganyikiwa, amesahau jina lake. Ni binti yako Halima aliyenieleza kwamba abti ni mjomba, na kwenu mjomba naye humwita mpwa wake vivyo hivyo, wanarudishiana. Basi tangu siku hiyo wewe Abti, mimi Abti, na mteja akiita mlangoni tuligeuka wote wawili. Mpaka leo wakiita nageuka, halafu nangoja na wewe ugeuke.

Kosa langu la pili lilikuwa la aibu zaidi. Ulikuwa unanifundisha kupiga randa, ukasema, "Abti, angalia kifuli." Nikatoka mbio hadi stoo, nikaangalia kufuli, nikarudi kukuambia imefungwa. Ukanitazama. "Angalia kifuli, wewe!" Nikaenda tena, safari hii nikaifungua kufuli yenyewe na kukuletea mkononi. Ulicheka mpaka ukaketi juu ya maranda. Ulikuwa unasema kivuli. Herufi ya v haikuwahi kukaa kinywani mwako, na mimi nilikuwa mgeni, ningejuaje?

Ukanishika kichwa, ukakiinamisha hadi shavu langu likakaribia ubao, ukafungua dirisha la ubavuni. Jua likaingia likilala juu ya mbao, na pale nilipodhani nimelainisha nikaona mabonde na vilima, kila kimoja na kivuli chake. "Mwanga ikitoka mbele, kila ubao ni mzuri," ulisema. "Mwanga ikitoka kando, ubao inasema ukweli." Tangu hapo hatukusema kivuli tena, hata mimi. Tulisema kifuli. Wateja walidhani tuna mali nyingi sana ya kufungia.

Halafu mwanao Zakariya akaja na drili kutoka Nairobi. Simlaumu. Alitaka ufurahi, na mtoto hajui alete nini baba yake anapokonda kila siku. Alifungua lile sanduku la plastiki juu ya shuka lako akasema, "Mzee, hii ni noma, hadi iko na taa!" Uliichukua kwa mikono miwili. Ukabonyeza, mwanga ukapiga ukuta. Ukabonyeza tena. Ukasema, "Hii inaonyesha mahali bisibisi iko. Mimi najua mahali bisibisi iko. Iko kwa mkono yangu." Kisha ukaifunika taa kwa kidole gumba. "Drili haifai kuwa na macho, Abti. Ikiwa na macho, fundi analala."

Zakariya alicheka. Na mimi nilicheka, Abti. Nilicheka kama vile wewe ni mzee wa zamani asiyeelewa. Hilo nalibeba.

Sasa nikueleze ilivyo hapa tangu uondoke. Keke yako ya mkono na randa zako zimetundikwa ukutani, hakuna anayeziuliza. Wanaiuliza drili. Jamaa mmoja wa ofisini alikuja kuchukua meza yake, akanirekodi kwa simu nikikaza skrubu ya mwisho, akamwambia mwenzake, "Huyu ndiye fundi wa kisasa, ona taa." Maungio ya meza ile nilikesha nayo akilini siku nne. Hakuyainamia hata kidogo, wala hakupitisha mkono. Alisifu taa akaondoka. Ilinitia kinyaa, na nilichukizwa zaidi nilipojikuta nimesimama vizuri ili taa ionekane kwenye picha.

Juu ya mbao zile nyeupe za kung'aa, mwanga unarudi machoni kama kofi. Kwenye mbao za kawaida, kile kichwa cha drili kinaangusha giza pale pale ninapotaka kuona, na kila mahali pengine panakuwa peupe, pamelala, hapana bonde wala kilima. Halafu kuna wadudu. Baada ya mvua stima ilipotea magharibi nami nilikuwa namalizia sanduku la bibi harusi, vanishi mbichi. Nikakaza bawaba moja tu kwa drili. Wakaja wote wenye mabawa wa mtaa wetu huu wa Waberi, wakaigonga taa, wakaangukia vanishi. Niliwatoa mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, lakini miguu yao ilibaki. Nilitema mate chini, kitu ambacho hukuruhusu ndani ya karakana. Nisamehe.

Nisiwe mwongo lakini. Nikijikunja ndani ya kabati chini ya sinki, ambako mwanga wa kando hauwezi kufika hata ukiitwa, taa ile inasaidia. Nimesema. Imetosha.

Lililobaki ni la mlango, na ndilo lililonikalisha niandike.

Wewe uliyetundika milango nusu ya Waberi, chumba chako mwenyewe kilikuwa na pazia tu. Mganga hajigangi. Mlango wake uliupiga randa kwa mkono wako, ukausimamisha kwenye kona ya karakana, na kila Mama Halima alipouliza ulisema wiki ijayo. Ulipofariki, yeye akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani, na uani watu wanapishana wakija kutoa pole. Pazia linapeperuka. Mama Halima kwenye nguo zake nyeupe, mtu asiyetaka kuonekana, akawa anaonekana na kila mpita njia. Nikasema mlango wa Abti utakaa leo hii.

Chumba kilikuwa na giza. Dirisha la ubavuni walilifunika blanketi ili wageni wasichungulie, na yeye mwenyewe alikaa nyuma ya shuka lililotundikwa katikati siku hiyo kwa ajili yangu. Ningeweza kuomba. Sentensi moja tu kwa Halima: mama ahamie jikoni saa moja, blanketi litoke, nipate mwanga. Nikaona haya kumsumbua mfiwa. Na kwa nini nimsumbue, nami nina drili yenye taa? Nikachimba vitako, vile vishimo vya kulazia bawaba, nikivimulika kwa drili, nikaona peupe, nikaona pazuri. Timazi ilikuwa mfukoni. Haikutoka mfukoni. Kila kitu kilikuwa kinang'aa, Abti, sikuona hata kifuli kimoja, nikakaza skrubu nikaenda zangu nikijisifu.

Wiki tatu nzima hakuna aliyeniambia neno. Kisha Halima akapita karakanani, akasimama pale penye mbao za saipras, akaanza kuniuliza habari za watoto, habari za Mwingi, hadi nikajua kuna jambo. Akasema mama amemtuma. Nayarudia maneno ya Mama Halima kama nilivyopewa: "Mwambie Abti mlango yake inafunguka beke yake. Kila siku saa ya asiri. Mimi nasema ni mwenyewe amerudi kunywa chai."

Unajua ulivyokuwa ukirudi. Asiri ikishaswaliwa, unafuta maranda kwenye kanzu, unakwenda nyumbani kwa chai, unarudi. Miaka yote hiyo. Na upepo nao huja saa hiyo, unasukuma kidogo, mlango uliotundikwa upande haungoji kusukumwa sana. Halima akaniambia wanaukingia dumu la maji, lakini siku nyingine anakuta mama ameliondoa dumu.

Nilimwuliza Halima kama mama alisema hayo kwa kucheka au kwa kulia. Akasema hajui.

Sijawahi kujichukia hivyo. Mlango ule ni kazi yako ya mwisho. Mbao ulizichagua wewe, umezilainisha wewe, nami nikautundika kombo kwa sababu niliangalia kwa macho ya mashine. Watu wangapi walipita uani wakamwona amekaa? Na yeye, kwa heshima, anangoja wiki tatu kabla ya kumwambia fundi kwamba amemdhalilisha. Nilikwenda nyuma ya karakana nikakaa. Nilikuwa na hamu ya kuitupa drili kisimani, lakini kisima hakina kosa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na patasi, bisibisi ya mkono, timazi na drili. Ndiyo, na drili, lakini taa nimeiziba kwa tepu nyeusi, mara tatu, hadi haina pumzi. Nikamwambia Halima ile sentensi niliyoionea haya. Mama akahamia jikoni, blanketi likatoka, na jua likaingia kutoka ubavuni.

Kilinirukia machoni papo hapo. Kifuli, chini ya bawaba ya juu, chembamba kama uzi wa kushonea. Kitako nilikichimba kwenda chini upande mmoja, bawaba imelala, mlango mzima unamwinamia mtu. Nilisikia sauti yako kabisa: angalia kifuli, wewe! Nikang'oa, nikachonga, nikaweka kibanzi cha mbao nyuma ya bawaba, nikashusha timazi na kungoja itulie. Nikakaza kwa mkono. Nikaufungua mlango nusu nikauachia, ukabaki nusu. Nikaufungua robo, ukabaki robo. Ndivyo ulivyonifundisha kuupima mlango.

Mama Halima akarudi chumbani. Nikaufunga mlango kutoka nje, nikaanza kukusanya zana. Ndipo akasema kutoka ndani, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake tangu mazishi.

"Abti, imefungwa?"

Nikajibu, "Imefungwa, mama."

"Na asiri?"

"Hata asiri. Haitafunguka beke yake tena." Nilisema beke, Abti, si peke. Mdomo wangu wenyewe ulisema hivyo.

Nikasikia shuka likivutwa, au labda ni nguo yake. Kisha akasema, "Haya. Basi ameenda."

Nilisimama uani na patasi mkononi, sikujua niende wapi. Kazi ilikuwa sawa, wallahi hata wewe usingepata pa kukosoa, na niliionea kinyaa kuliko ile mbovu. Kwa ile mbovu nilimvunjia heshima. Kwa hii nzuri nimemfungia mume wake nje. Nilifikiria kuulegeza tena mlango, nusu uzi tu. Halafu nikakumbuka waliopita na watakaopita, nikajua ungenichapa kwa ubao wa kupimia.

Basi nakuaga, Abti. Siku ya kukuzika, sheikh aliomba Mungu alitie nuru kaburi lako. Mimi sijui dua zenu, lakini amina niliitikia kwa sauti kuliko wengi. Leo naongeza langu dogo: nuru hiyo itoke kando.

Ahadi yangu ni hii. Tepu haitatoka kwenye ile taa isipokuwa chini ya sinki, na Zakariya nimeshamwambia, amekasirika, atapoa. Tena eda bado imebaki mwezi na siku kadhaa. Kila asiri, watu wakitoka msikitini, nafuta maranda kwenye suruali, napita uani kwako, nagonga ule mlango mara moja. Siufungui. Natoa salamu tu, naye akitaka kitu atamtuma Halima, asipotaka narudi kazini. Akiuliza ni nani, nitasema ni Abti, na sitakuwa nimesema uongo.