Siku Uliyoungama Kortini

Kwako Baba Atieno,

Wiki iliyopita nilienda kortini kuuliza rufaa yako imefika wapi. Karani alifungua faili, akanitazama, akaifunga pole pole. "Pole, Mama. Mwenye rufaa akishakufa, rufaa nayo imeisha." Kwa hivyo kwenye vitabu vya serikali umebaki dereva mlevi. Wewe, ambaye tangu uokoke hata chai ya harusi ulikuwa ukiinusa kwanza.

Unamkumbuka yule mzee wa Moiben? Ulienda kwake na lori kuchukua maziwa ya kiwanda, ukamkuta na sherehe ya mwanawe. Akakupa pombe ya busaa, ukaona aibu kumkatalia mtu wa mvi zake. Mafunda mawili tu. Halafu kwenye tope la Kiplombe lori ikateleza ikamgonga mama wa watu, akavunjika mguu, na askari akanusa mdomo wako.

Nilipokuletea chai pale selo ulikuwa ukililia yale mafunda mawili. Kesi hukuitaja kabisa. Nikakuambia, "Ungama, Baba Atieno. Usifiche kitu, moyo utulie." Ni mimi niliyesema hivyo. Nimejaribu kusahau, nimeshindwa.

Hakimu alipokuuliza kama mashtaka ni ya kweli, ulisimama vile ulivyokuwa ukisimama kwenye ushirika wetu wa Jumapili, mkono kifuani. "Ni kweli, mheshimiwa. Nilikunywa. Nimekosa mbele ya Mungu na watu." Halafu ukageuka kututazama. Nilijua unangoja nini. Kwenye ushirika mtu akiungama, ndugu huinuka wakamwimbia na kumpa mkono. Siku hiyo tulikaa kimya chini ya picha ya Rais, tukiogopa askari. Hakimu akaandika kwamba umekubali kosa. Miezi kumi na minane.

Wakili aliyetuandikia rufaa alikasirika sana. "Huyu alikubali kunywa, hakukubali kulewa. Tena hata maelezo ya kesi hakusomewa ayajibu." Akasema tuna nafasi nzuri. Nilikimbia na habari hiyo hadi gerezani, nawe ukaniuliza kama yule mama mguu wake umepona. Nilikununia siku hiyo, nisamehe. Ulikuwa umeshaanza kukohoa. Homa ya mapafu ilikuchukua majuma mawili kabla jaji hajatusikiliza.

Atieno wetu hanywi tena maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, shuleni. Mwalimu alipomwuliza kwa nini, alisema, "Baba alikuwa anabeba maziwa." Na yule mama alikuja matangani na mkongojo wake, akakaa nami mpaka jioni. Aliniambia lori ilikuja pole pole, ni tope lililoisukuma. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Jumapili nilisimama kwenye ushirika nikaungama kwamba ni mimi niliyekutuma useme. Wakainuka, wakaniimbia, wakanipa mkono mmoja mmoja. Nililia mpaka nikakaa chini, maana wimbo ule ulikuwa wako. Ningeuimba siku ile kortini, Baba Atieno, hata peke yangu, hata kama wangenifunga na mimi.

Lala, mume wangu. Hukuwa mlevi.

Ni mimi wako,
Mama Atieno