Chimni ya Upande wa Kusini

Jumanne, 7 Aprili 1992

Mzungu amefika. Mwanamke, mrefu kama nguzo ya stima, jina Hanne. Anaongea Kiswahili cha redio. Ubalozi umesema nimwonyeshe yote nyumba yao hii ninayoitunza. Anaandika historia ya majengo ya ubalozi wao, Afrika nzima! Nani alijenga, mwaka gani, dirisha lilihamishwa lini. Eti kuna watu wanalipwa kwa hiyo.

Mimi nimepikia mabalozi wanne. Nimepanda ndege mpaka Addis Ababa, nikala mkate laini kama kitambaa cha meza. Mimi si wa kudanganywa! Nani anatoka Ulaya kuja kupima milango Kericho, na wakati huu watu wanachomeana nyumba kwa sababu ya kabila? Anataka kuuza. Ama ametumwa.

Lakini huu mdomo wangu! Alisifu veranda tu, mimi nikaona amesifu kitu kidogo. Nikamwambia mfalme wa nyumba hii ni chimni ya upande wa kusini. Matofali yalikuja na meli kutoka kwao, balozi mdogo wa kwanza alikuwa anasikia baridi kuliko mbuzi. Na aliyeyapanga ni mjomba wangu. (Mjomba alibeba maji. Lakini bila maji simiti ni unga tu.)

Macho yake yakawaka. "Hiyo lazima niione."

Upande wa kusini! Mahali pekee sitaki mtu atie mguu. Nimewaficha humo Joab na mkewe Beldina, watu wa ziwani, tangu duka lao la Soin lichomwe. Tumbo la Beldina liko mbele kama ngoma. Nikasema ufunguo umepotea.

Jumatano, 8 Aprili

Amegonga kuta kutwa nzima kama daktari. Anasema mawe ya katikati yalichongwa kwa mkono, ya kusini kwa mashine, kwa hivyo kusini ni mtoto wa baadaye. Kweli kabisa. Hata mimi ningemwambia, angeniuliza.

Shida si yeye. Shida ni nani anamshikia futi ya kupimia. Noah! Jirani wa ng'ambo ya mto, tulitahiriwa pamoja. Vijana wake wawili siku hizi wanaenda mikutano ya usiku isiyokuwa na chai. Leo asubuhi anashikia mzungu futi bure? Noah ambaye hata salamu hatoi bure?

Alisimama karibu na mlango wa kusini. Akanusa.

"Johana, hapa kuna samaki."

Nikasema ni mimi, nilifundishwa na balozi wa tatu.

"Mkipsigis na samaki!" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kesho nakuja nikuone ukila."

Jioni nikaenda kugombana. Joab, mtu wa maana, alikimbia moto akaacha kabati, akaacha redio, akabeba gunia la omena, samaki wadogo wakavu! Akaniambia, omera, ndugu yangu, usimlaumu mama, ni mtoto anadai. Beldina akaniita kwa jina la binti yangu, "Baba Chemutai, nikikosa hii natapika mpaka asubuhi. Heri nitapike ama heri tunuke?"

Nikafungua dirisha la nyuma, harufu itoke.

Alhamisi, 9 Aprili

Noah alikuja kweli. Beldina alikuwa amepika, nikapitisha sufuria kwa dirisha la nyuma.

Nikala. Na vichwa. Na macho. Yote yananiangalia, na Noah pia ananiangalia. Nikasema tamu sana, nikaongeza. Jasho.

Halafu — akachukua moja mwenyewe, akatafuna polepole.

"Nimekula mkono wako miaka yote, Johana. Harusi, matanga. Hii si mkono wako."

Akafuta vidole, akaenda.

Anajua. Lakini anajua mpaka wapi? Na atamwambia nani kwanza, mzungu ama vijana wake?

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Hanne alizunguka nyumba na koti la plastiki, akafika nyuma ya chimni. Akaweka kiganja kwa ukuta. Akakiacha hapo.

"Johana, tofali hili lina joto."

"Ni jua, madam."

Tukasimama sisi wawili, maji yanatutiririka puani.

Hakucheka. Akasema nyumba tupu inapoa, na hilo hata mtoto wa shule ya ujenzi anajua. Kesho atakuja na Noah na fundi wa kufuli wafungue. Nimeona wakiongea kwa geti, vichwa pamoja. Huyo Kiswahili cha redio, huyu Kiswahili cha ng'ombe, wanaelewana vipi vizuri hivyo?

Joab anataka waondoke kwa miguu kupitia majani chai. Na hilo tumbo? Nimemwambia akae. Sijui kama nimemshauri ama nimemuua.

Jumamosi, 11 Aprili

Asubuhi, kwa mlango wa kusini — kibuyu! Kimejaa mursik, maziwa yetu ya mkaa, mpaka shingoni. Nakijua hicho kibuyu, kina ushanga wa Chepchirchir, bibi ya Noah. Adui hapewi mursik. Lakini mlango pia unaweza kuwekewa alama, ili watu wa giza wasikosee.

Beldina alinyoosha mkono. Nikamzuia, nikanywa mimi kwanza. Kikombe kizima. Mkaa mzuri, maziwa mazuri. Nikangoja kufa. Sijakufa.

Sasa niko jikoni, naandika nimesimama. Gari la Hanne limeingia kinyumenyume mpaka mlango wa kusini, turubai limefungwa. Hakuna fundi wa kufuli. Noah ameshuka. Hanne amefungua nyuma — ametoa viti vyote, ameweka godoro. Godoro la nini? Historia gani inapimwa na godoro?

Noah anaita, sauti ya chini. "Johana, fungua, kabla vijana wangu hawajaamka."

Ufunguo uko mkononi. Umelowa jasho. Huyu ni Noah wa kisu kimoja na mimi, ama ni baba ya wale vijana?

Ameita tena. Lakini si mimi. Ameinama, mdomo karibu na mbao, kofia ameivua.

"Mama," anasema. "Unaweza kutembea?"

Anaongea na mlango. Na ndani, Beldina amejibu, "Nitatembea." Naweka kalamu, naenda na ufunguo.