Sumu Iliyofika Kwenye Miforsadi

Kwako Barchinoy, rafiki yangu,

Assalam aleykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wazazi wako. Sisi hatujambo, ila baba bado analalamikia mgongo. Maji yamefika mifereji yote na pamba imesimama.

Nikupe habari za shamba. Mwaka huu baba alikataa sumu kabisa. Vidukari walipojaa chini ya majani ya pamba, alikwenda maabara ya wilaya akaleta wale wadudu wekundu wenye madoa, akawaachia shambani wawale. Jirani yetu Sobir akamcheka toka barabarani, eti, "Mzee, na hao utawapikia pilau?" Baba akamjibu kuwa wageni wake chakula wanakiona wenyewe, asijisumbue.

Mimi sikuweza kungoja. Kila asubuhi majani yalizidi kujikunja, na unajua pamba ile ndiyo harusi ya kaka. Baba alipokwenda Andijon kumzika shangazi, nikanunua dawa sokoni nikanyunyiza. Iliniishia kabla ya mistari ya mwisho. Leo mistari hiyo ndiyo safi, wadudu wa baba wamewamaliza vidukari. Nilikonyunyiza walikufa wao, na vidukari wamerudi tele.

Laiti ingekuwa hayo tu. Siku ile upepo ulivuma kuelekea miforsadi ya mama mkwe wako, Mama Saodat. Niliuona, nikaendelea. Kesho yake ukakata matawi yale yale, ukawalisha viwavi wa hariri, wakafa wote. Mama Saodat alipokufokea kwamba umewaua kwa harufu ya manukato yako, nilikuwa pale uani na birika la chai mkononi. Na mumeo Elmurod alipokuwa akikurudisha kwenu, ulinikumbatia ukasema, "Wewe peke yako ndiye unayeniamini." Barchinoy, nilikuamini kwa sababu nilijua ni mimi.

Jana nilimwambia Mama Saodat kila kitu, mbele ya baba. Hakunipigia kelele. Alifunika uso kwa kitambaa, akasema, "Mtoto wa watu nimemfukuza bure."

Alhamisi Mama Saodat na Elmurod wanakuja kukuomba radhi. Nami nitakuja. Usirudi kwa ajili yangu. Rudi ukipenda mwenyewe. Ukiwafungulia wao ukanifungia mimi, nitakaa nje bila kinyongo.

Nisalimie mama na baba, na umbusu Gulsanam mdogo wako.

Mimi niliyekukosea,
Nodira